Mgomba wa Tishu, Mama Yake Kapimwa?

Mkulima akiambiwa mgomba huu umeanzia ndani ya chupa, jambo la kwanza analoliogopa ni kuchezewa kwa vinasaba. Hofu hiyo inatupotezea muda. Mtaalamu hukata ncha ya chipukizi, huisafisha kwa dawa, huiweka kwenye chakula chenye sukari, madini na homoni, kisha huigawa tena na tena hadi ipatikane mamia ya miche. Vinasaba haviguswi. Hata babu zetu hawakupanda mbegu ya ndizi. Walipanda kipande cha mama.

La kuulizwa ni kama mama huyo alipimwa.

Maabara huondoa mengi: fukusi, minyoo ya mizizi, ukungu wa udongoni. Virusi ni habari nyingine. Vikiwemo kwenye ncha iliyokatwa, vinaweza kuzaliana pamoja na mche, nao ukatoka chupani kijani kibichi, umenyooka, unavutia macho. Chipukizi bovu la jirani huharibu shamba moja. Mche mbovu wa maabara hupakiwa kwenye lori na wenzake kwa maelfu. Virusi vinavyosonganisha majani kileleni hadi mgomba ukose mkungu viko Burundi na Congo kwa miongo, na Kigoma vimekwisha kuonekana. Kagera nayo inajua gharama ya mche mchafu: mnyauko bakteria uliripotiwa huko mwaka 2006, miaka mitano baada ya Uganda, na ulisafiri kwa visu na kwa machipukizi ya kupeana.

Kwa hiyo, wanasiasa wanapoahidi maabara mpya, mimi ningeanza na vipimo vya migomba mama na ukaguzi wa vitalu. Wazalishaji watasema vipimo vitapandisha bei, na ni kweli. Tayari mche huu unashindana na chipukizi la bure, tena hutoka chupani ukiwa dhaifu: hukomazwa kivulini kwa wiki kadhaa, kisha shambani hudai maji na samadi. Asiye na maji, kusema kweli, asishawishiwe kuununua.

Lakini Tanzania imeweka ruzuku kwenye mbolea tangu 2022. Ruzuku ya kupima virusi ingekuwa ndogo kuliko hiyo, na ingemlinda hata yule asiyenunua mche wowote, kwa kuwa vidukari wanaoeneza virusi hivyo hawajui mpaka wa shamba. Masharti yake yawe mepesi: kila mche uuzwe na lebo inayotaja mgomba mama, tarehe ulipopimwa na maabara iliyoupima.