Rudisheni Majibu

Vyuo vikuu vya Kenya vina deni, na si lile la benki au la mishahara ya wahadhiri ambalo tumelizoea kwenye habari. Ni deni la majibu. Kwa kila tasnifu iliyojaladiwa nyeusi na kuandikwa herufi za dhahabu mgongoni, kuna mama mahali fulani aliyeacha kibanda chake dakika arobaini akiulizwa maswali na kijana mwenye kitambulisho shingoni. Kuna mgonjwa aliyekunja mkono wa shati atolewe damu. Kuna mwalimu aliyejaza fomu wakati wa chai badala ya kunywa chai. Walijibu. Halafu kimya.

Ninachosema ni kifupi. Utafiti ambao majibu yake hayajawarudia walioulizwa haujaisha, na chuo hakifai kumvika mtu joho kwa kazi ambayo haijaisha. Siombi asante, wala siombi heshima. Naomba kazi imalizwe.

Haya nimeyaona kutoka upande ambao maprofesa hawauoni. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipokataa kupatikana. Tangu hapo naandika kwa yeyote anayelipa, na miezi ambayo hakuna anayelipa nafanya kibarua cha kukusanya data. Mtu wa uzamili au uzamifu anakupigia simu, anakupa tableti, bando na mafunzo ya siku moja, na unalipwa kwa kila fomu iliyojaa. Hawajali huna digrii, mradi unajua mtaa na unaongea kama watu wa mtaa. Nimeuliza maswali ya udaktari, ya viungo bandia, ya shule, ya biashara. Kuna nyumba nimeingia mara mbili kwa watafiti wawili tofauti, na mama mwenye nyumba akaniuliza lile lile mara zote mbili: “Sasa haya mnayapeleka wapi?”

Tuanze na lugha, maana hapo ndipo uozo unaanza. Hojaji huja kwa Kiingereza. Kwenye pendekezo la utafiti imeandikwa vizuri kabisa kwamba itatafsiriwa. Ukifika mashinani unagundua mtafsiri ni wewe, hapo mlangoni, kuku wakikupita miguuni. Nakubali sana, nakubali, niko katikati, sikubali, sikubali kabisa. Jaribu kumuuliza mzee wa miaka sabini kama yuko katikati. Mmoja aliniuliza, “Katikati ya nani na nani?” na kusema ukweli sikuwa na jibu, na sidhani aliyeitunga hojaji analo.

Kuna ile ya afya ya akili. Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umejisikia umechoka au huna nguvu? Mama aliyeamka saa kumi alfajiri kuwahi mboga sokoni alinitazama kama mtu aliyepotea njia. “Kijana, nani hapa hajachoka?” Nikaweka “karibu kila siku”, maana ndivyo alivyosema. Huko mbele alama hiyo inajumlishwa na nyingine na kuitwa dalili. Labda ni dalili kweli. Labda ilikuwa Jumatano tu. Mtu pekee ambaye angeweza kutuambia ni yeye, kama mmoja wetu angerudi na karatasi akamwambia: mama, kutokana na maneno yako tumeandika hivi, ni kweli?

Ndiyo maana nakataa watu wanaolichukulia jambo hili kama adabu, kama vile kurudisha sahani ya jirani ikiwa na kitu ndani. Kurudi ni sehemu ya kupima. Msipomrudia mama huyo hamna njia ya kujua kama mmepima huzuni au mmepima bei ya sukuma wiki.

Serikali yenyewe ilitufundisha somo hili bila kukusudia. Sensa ya 2009 ilisema asilimia 3.5 ya Wakenya wana ulemavu. Sensa ya 2019 ikasema asilimia 2.2, yaani watu kama laki tisa. Hapo katikati hakukupita muujiza wa kuponya vilema nchi nzima. Maswali yalibadilika, na safari hii walihesabiwa wa kuanzia miaka mitano kwenda juu. Yaani unaweza kumpunguza mtu kwa kubadilisha sentensi, na yeye ameketi pale pale alipokuwa.

Nimetaja ulemavu kwa sababu kuna fomu moja ambayo haijanitoka. Utafiti ulihusu huduma za kumrudisha mtu kwenye shughuli zake baada ya kukatwa kiungo. Nilitumwa kwa jamaa aliyekuwa akiendesha bodaboda kabla ya ajali. Mguu wake wa kulia ulikatwa chini ya goti. Je, una mguu bandia? Ndiyo. Je, umeridhika na huduma? Akasema tatu kati ya tano, nafikiri kwa huruma tu, nisionekane nimekuja bure. Lakini mguu wenyewe ulikuwa nyuma ya mlango, umeegemezwa ukutani pamoja na mwavuli. Hakuwa ameuvaa tangu mvua ianze. Njia ya kwake ni mteremko wa udongo mwekundu, mguu unateleza, na pale unapoingia kigutu kinachubuka. Akiuvaa siku moja anakaa siku nne bila kuuvaa. “Andika hiyo,” akaniambia. Nikatafuta pa kuandika. Hakukuwa na kisanduku cha tope.

Kwenye data, jamaa huyo ni mtu mwenye mguu, na ameridhika kiasi.

Mwaka uliofuata nikaona picha za mahafali ya mtafiti kwenye simu, joho, maua, watoto wamekumbatia miguu yake. Nikampigia kumpongeza, nikauliza kama wale wa karakana ya miguu bandia, iliyo umbali wa kutembea kutoka kwa jamaa yetu (kutembea kwa mimi na wewe), walipewa nakala. Akanijibu kwa upole kwamba iko kwenye hazina ya chuo mtandaoni, yeyote anaweza kuisoma. Yeyote! Kurasa zaidi ya mia, Kiingereza kitupu, sura nzima ya nadharia kabla hujafika palipo na binadamu. Hakuwa mtu mbaya. Alifanya kila kitu chuo kilichomwambia afanye, na hilo ndilo linaniudhi.

Upande wa biashara ndio sina subira nao hata kidogo. Mnakumbuka Juni 2019, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kilipotoa digrii 118 za uzamifu kwa mahafali moja, nyingi zikiwa za mambo ya biashara na usimamizi, na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ikaenda kuchunguza? Tulibishana nchi nzima kuhusu ubora, kuhusu msimamizi mmoja kubeba wanafunzi wangapi. Sawa. Lakini sikusikia mtu akiuliza swali la soko: katika hao wote, ni wangapi walirudi kumwambia mwenye duka walichogundua kuhusu duka lake? Kila mwaka kuna mtu anachunguza athari za mikopo ya simu kwa biashara ndogo ndogo. Kama athari zimejulikana, si mama mboga aambiwe? Yeye ndiye anakopa leo jioni.

Msidhani ni tabia ya watafiti wadogo wasio na pesa. Tangu 1985, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, wamekuwa wakiwafuatilia wanawake wanaouza ngono Majengo, Pumwani. Baadhi yao walikaa miaka wakikutana na virusi vya Ukimwi bila kuambukizwa, na jambo hilo likawapa wanasayansi matumaini ya chanjo. Chanjo moja iliyotokana na ushirikiano wa Nairobi na Oxford ilianza kujaribiwa Nairobi 2001. Haikufua dafu. Lakini kabla ya hapo ulikuwa umezuka ugomvi mkali, Wakenya wakilalamika kwamba wenzao wa Uingereza walisajili hataza bila majina yao. Walikuwa na haki ya kulalamika. Ukiusoma ugomvi huo leo, hata hivyo, utaona ni wanasayansi wanadaiana na wanasayansi. Wanawake wa Majengo walipata kliniki na matibabu, hilo lisemwe. Kwenye meza ya nani anamiliki nini, hawakuwekewa kiti.

Busia mambo yalienda tofauti. Kuanzia 1998, shule 75 za msingi ziliingizwa kwenye utafiti wa dawa za minyoo, utoro ukapungua, na baadaye serikali ikaanzisha mpango wa kitaifa wa kuwapa watoto dawa shuleni. Michael Kremer, mmoja wa waliouongoza, alipata Nobeli ya uchumi 2019 pamoja na wenzake wawili kwa majaribio ya namna hiyo. Hapo majibu yalirudi yakiwa vidonge, na sina ugomvi na kidonge. Ila tazameni ilivyohitajika: vyuo vya Marekani, wafadhili, serikali. Utafiti wa mwalimu wa Vihiga kuhusu kwa nini wasichana wake wanakosa shule hautapata Nobeli. Unahitaji tu kusomwa kwenye mkutano wa wazazi wa shule hiyo hiyo, saa nne asubuhi, kabla ya ajenda ya pesa za chakula.

Na pasiporudi majibu, kitu kingine hujaza nafasi. Pwani neno mumiani lilikuwepo kabla maabara haijajengwa. Taasisi ya KEMRI na Wellcome Trust ilipoanza kazi Kilifi 1989, ikichukua damu ya watoto kwa ajili ya malaria, minong'ono haikukosekana: damu inaenda wapi, kwa nini wanachukua nyingi, nani ananunua. Ungetegemea nini? Mtu anakutoa damu, anaondoka na gari, hujamwona tena. Hapo mumiani ni dhana ya kisayansi kabisa. Walichofanya Kilifi, baada ya miaka ya kunong'onwa, ni kuwapa wanavijiji nafasi ya kuchagua wawakilishi wao, kukutana nao mara kwa mara, na kuanza kurudi na matokeo utafiti ukiisha. Sisemi Kilifi ni peponi. Nasema tu msituambie haiwezekani, imewezekana, na ni kilomita sitini hivi kutoka Mombasa.

Najua watakachosema. Pesa hakuna. Kweli, sheria ya 2013 inasema asilimia 2 ya pato la taifa iende kwa utafiti na hatujawahi kuikaribia. Lakini baraza la chifu halilipishwi. Ukurasa mmoja wa Kiswahili kuchapisha ni shilingi kumi. Redio za lugha za nyumbani zinatafuta wa kuongea naye kila asubuhi. Watasema siri za waliohojiwa. Kwani nani ameomba majina? Watasema watu hawataelewa. Hii ndiyo inanichoma zaidi. Walielewa maswali kiasi cha kukupa digrii, lakini majibu ni mazito kwao?

Leseni ya utafiti inayotolewa na tume ya sayansi inamtaka mtafiti ajulishe ofisi za kaunti kabla ya kuanza, na akimaliza awasilishe ripoti kwa tume. Ona njia ya karatasi hiyo: inatoka ofisini inarudi ofisini, na katikati imepitia mlango wa mtu. Katiba tuliyoipitisha 2010 inasema kwenye kifungu cha 35 kwamba mwananchi ana haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na kwenye kifungu cha 7 kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Chuo kikuu cha umma ni nini kama si serikali yenye maktaba?

Kwa hivyo chuo kiweke sharti moja. Kabla mwanafunzi hajaitwa kutetea tasnifu yake mbele ya maprofesa, alete ukurasa mmoja, Kiswahili au lugha ya pale alipofanyia utafiti, unaosema aliuliza nini na amepata nini. Alete sahihi ya mzee wa mtaa na za watu watatu waliohojiwa, kwamba ameusoma mbele yao na wamempinga walipotaka kumpinga. Walichopinga kiingie kwenye tasnifu. Ningetoa karo ya mwaka mzima, kama ningekuwa nayo, kuona sura inayoitwa “Waliyotuambia Tumekosea”.

Na wewe unayebishiwa hodi wiki ijayo na kijana mwenye tableti, usimfukuze, huenda ni mimi, na nalipwa kwa fomu. Lakini kabla hujaweka sahihi, muulize namba ya leseni, jina la msimamizi wa utafiti, na tarehe ya kurudi. Akisema fomu haina nafasi ya tarehe, mpe lile daftari ambalo unawaandika wanaokuchukulia unga na sukari kwa mkopo, aandike humo, chini ya jina la mwisho.