Acheni kuisingizia baridi

Mwanamke aliyewahi kujifungua kwa upasuaji akishika tumbo, jibu la mtaani liko tayari: mshono umeingia baridi. Akandwe kwa maji ya moto, anywe tangawizi, na kama hajapata choo achemshiwe sanamaki. Ushauri huo hutolewa kwa upendo, na unaweza kumuua.

Baridi haiingii kwenye mshono. Tumbo likishapasuliwa, kwa watu walio wengi huota ndani nyuzi za kovu zinazougandisha utumbo na ukuta wa tumbo, au utumbo kwa utumbo. Wengi huzikwa nazo bila kujua kama wanazo. Lakini uzi mmoja unaweza kuukunja utumbo au kuukaba, chakula kisipite. Hilo linaweza kutokea mwezi mmoja baada ya upasuaji, au miaka 20 baadaye, mtu ameshasahau kwamba alitolewa kidole tumbo akiwa shule. Kwa hiyo anayesema "mimi nilipona zamani" hajasema kitu.

Maumivu ya utumbo ulioziba hubana, yakaachia, yakabana tena. Tumbo hujaa, mtu hutapika, pengine matapishi ya kijani. Choo hapati, hata hewa haitoki. Hapo hakuna cha kungoja kesho. Na kumnywesha sanamaki mtu ambaye utumbo wake umeziba ni kuulazimisha usukume pasipo na njia! Utumbo uliokabwa ukakosa damu hufa kwa saa, si kwa wiki. Maumivu yakiacha kupumzika, homa ikapanda na moyo ukaenda mbio, huenda utumbo umeshaanza kufa. Uvimbe wa ngiri kwenye kovu nao, uliozoea kurudi ndani ukilala, ukiwa mgumu na wenye maumivu, usiusukume. Nenda hospitali.

Najua kinachowafunga watu nyumbani: hofu ya kisu cha pili. Hofu hiyo ni ya haki, ila inawaelekeza kubaya. Wagonjwa wengi waliozibwa na nyuzi hizi hufunguka bila kupasuliwa: hawali, wanawekewa dripu na mpira wa puani wa kutoa maji ya tumboni, daktari akiwaangalia. Anayeshinda siku tatu akikandwa ndiye anayekisogelea kisu.

Ukifika zahanati, usingoje kuulizwa. Sema kwamba uliwahi kupasuliwa tumbo, lini na kwa nini, na uonyeshe kovu. Kama ni mjamzito mwenye kovu la uzazi, dai rufaa kwenda hospitali yenye chumba cha upasuaji, kwa sababu kovu la kizazi likiachia, mama na mtoto wote wako hatarini.