Mlalamikaji na Mlalamishi

Kitenzi kulalamika kimetuzalia majina mawili ambayo huna budi kuyatenganisha. Mlalamikaji ni mtu aliyewasilisha lalamiko lake mahali panapohusika. Mlalamishi ni yule ambaye kulalamika kumekuwa tabia yake: leo jua ni kali, kesho chai haina sukari. (Nchini Kenya utasikia hata mahakamani mlalamikaji akiitwa mlalamishi. Usistaajabu; kila nchi ina mazoea yake.)

Waajiri wengi huyachanganya majina haya kwa manufaa yao. Mfanyakazi huingia ofisini kueleza kwamba msimamizi wake anamdai rushwa ya ngono, na kabla hajamaliza maelezo, amekwisha kuitwa mlalamishi. Mwajiri amejuaje? Hakumwuliza shahidi hata mmoja, wala hakulifungua daftari la zamu. Ametoa hukumu pasipo kusikiliza kesi. Ndiyo maana nashikilia kwamba kuchunguza lalamiko si hisani anayofanyiwa mfanyakazi. Ni njia pekee ya kujua ni yupi kati ya hao wawili aliyesimama mbele yako.

Tazama yaliyotokea Kericho, kwa jirani zetu Wakenya. Mwaka 2023, BBC ilitangaza kwamba zaidi ya wanawake 70 waliofanya kazi katika mashamba ya chai, yaliyomilikiwa kwa miaka mingi na makampuni mawili ya Uingereza, walieleza kunyanyaswa kingono na wasimamizi wao. Kinachonisumbua zaidi ni hiki: kampuni mojawapo ilikuwa imekabiliwa na tuhuma kama hizo zaidi ya miaka 10 kabla, ikatangaza kwamba haitavumilia unyanyasaji, ikaweka na utaratibu wa kupokea malalamiko. Hata hivyo, wanahabari walipata ushahidi kwamba malalamiko hayakuwa yakishughulikiwa. Sanduku la malalamiko lisilo na mtu wa kulifungua ni pambo la ukutani.

Tena si kila afunguaye sanduku anafaa. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Ukimkabidhi meneja uchunguzi unaomhusu rafiki yake, au unaomhusu yeye mwenyewe, jibu unalijua kabla hajaketi.

Utawasikia waajiri wakijitetea kwamba watu wenye chuki watazusha uongo ili kuwaharibia wakubwa majina. Hofu hiyo haikosi msingi, lakini yenyewe inadai uchunguzi. Msimamizi aliyesingiziwa atasafishwa na nini, ikiwa hakuna aliyetafuta ukweli? Atabaki akinong'onwa jikoni na kwenye basi la wafanyakazi hadi astaafu. Hapa Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inataka mfanyakazi anayetuhumiwa kwa utovu wa nidhamu asikilizwe kabla ya kufukuzwa, na imemruhusu kuja na mtu aliyemchagua mwenyewe. Kwa hiyo bosi amfukuzaye mtuhumiwa siku ileile kwa hasira, huku akipigiwa makofi, naye amekosea.

Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 aweke hatua za kuzuia unyanyasaji wa kingono kazini. Idadi hiyo hunikera. Mkahawa wenye wahudumu 8 nao una stoo yenye mlango unaofungwa kwa ndani. Afadhali Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019 na kuridhiwa na Uganda mwaka 2023, ambao hauhesabu vichwa namna hiyo. Mkataba huo unataka pia mlalamikaji na mashahidi wakingwe dhidi ya kulipiziwa kisasi. Bila kinga hiyo, nani atatoa ushahidi juu ya mtu anayepanga zamu zake?

Wewe unayejifunza lugha hii huenda kesho ukawa mwandishi wa lalamiko au mpokeaji wake. Ukiandika, taja tarehe, saa, mahali, maneno yaliyotamkwa na watu waliokuwapo, achana na "daima" na "kila mtu anajua." Bakiza nakala. Ukipokea, jibu kwa maandishi: nimelipokea lini, nani atalichunguza, utapata jibu siku gani. Sentensi tatu tu, na hazihitaji Kiswahili kigumu.