Programu ya Kwanza ya Kuandikia: Mwanafunzi Aanze na Ipi?

Mwanafunzi wa sekondari jijini Mwanza aketipo kwa mara ya kwanza mbele ya kompyuta yenye Linux, akafungua programu iitwayo vi na kuandika jina la mji wake, ataona katika kioo herufi tatu tu: nza. Mashine si mbovu. Katika vi, herufi kubwa M ni amri ya kwenda katikati ya kioo, w ni amri ya kuruka hadi neno lifuatalo, na a ni amri ya kuanza kuandika. Zilizobaki ndizo zikaandikwa. Akitaka kutoka, hajui njia. (Wako wanaochomoa waya wa umeme.)

Bill Joy alitunga vi mwaka 1976 huko Berkeley, Marekani, alipokuwa akitumia laini ya simu iliyopitisha herufi polepole mno. Kwa hali hiyo amri ya herufi moja ilikuwa hekima. Anayeanza leo hana haja hiyo, na yafaa mwalimu amwanzishe kwa nano, iliyotokea mwaka 1999. Humo kila herufi ibonyezwayo huandikwa, na amri muhimu huonyeshwa chini ya kioo: Control pamoja na O kuhifadhi, Control pamoja na X kutoka. Kipindi ni kifupi na kompyuta moja hugawiwa wengi. Si haki kukimaliza kwa kutafuta mlango wa kutokea.

Lakini kuna jambo ambalo wapenzi wa nano hulinyamazia. Umeme ukikatika ghafla, kazi isiyohifadhiwa hupotea. Vim, programu iliyofuata mfano wa vi na kutolewa na Mholanzi Bram Moolenaar mwaka 1991, huweka akiba katika diski kila baada ya herufi 200, au mwandishi atuliapo kwa sekunde 4. Basi mwanafunzi wa nano azoezwe kuhifadhi kila baada ya mistari michache.

Wala Vim si ngeni kabisa katika nchi za Ziwa Victoria. Mwaka 1994 Moolenaar alifanya kazi ya maji na usafi Kibaale, wilayani Rakai, kusini mwa Uganda. Hadi alipofariki mwaka 2023 aliwaomba watumiaji wa Vim wawasaidie watoto wa huko.

Nano ikishazoeleka, mwanafunzi afundishwe i ya kuandika, Esc ya kurudi kwenye amri, na :wq ya kuhifadhi na kutoka, kwani iko siku atakutana na mashine yenye vi peke yake. Somo liitwalo vimtutor, lililomo ndani ya Vim, huchukua nusu saa hivi.