Umeme Ukikatika, Tutaimba Nini?

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye harusi Tabata. Saa nne usiku, ukumbi umejaa, DJ yuko kazini, mara umeme ukakatika. Jenereta nalo likagoma. Vijana wa meza yetu hatukutaka shughuli ife, tukaanza kuuimba wenyewe ule wimbo uliokuwa hewani, wimbo ambao mwaka huu huwezi kupanda daladala usiusikie. Tulipofika mstari wa pili tukabaki tunatazamana. Hakuna aliyeyajua maneno. Tulichokuwa tunakijua ni mdundo, na mdundo ulikuwa umeondoka na umeme.

Hapo wakainuka shangazi zake bibi harusi. Vigelegele, makofi, meza ikageuka ngoma. Waliimba kama dakika ishirini, na watoto wa darasa la pili wakawa wanaitikia bila kukosea.

Sasa ofisini tunabishana: katika nyimbo zinazovuma leo, zipi zitajulikana na watoto wa wajukuu wetu? Wenzangu wanahesabu watazamaji wa YouTube. Mimi nasema kipimo ni kile cha Tabata. Wimbo wa kudumu lazima uimbike na mtu asiyejua kuimba, na lazima uwe na siku yake inayorudi: harusi, shule, mechi, msiba, kumlaza mtoto.

Mtaniambia kwamba zamani nyimbo zilipotea kwa sababu hazikurekodiwa, na leo kila kitu kipo mtandaoni. Ndugu zangu, kuhifadhiwa si kujulikana. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Jina lake tunalijua tangu shule. Haya, niimbieni wimbo wake mmoja mpaka mwisho. Mimi siwezi, na nina shahada.

Upande wa pili, mchukueni Enoch Sontonga. Huyu alikuwa mwalimu Afrika Kusini, na mwaka 1897 alitunga wimbo ambao sisi tunauimba kama Mungu Ibariki Afrika. Zaidi ya miaka 120 imepita na kila mtoto wa shule Tanzania anaujua. Lakini Sontonga alifariki mwaka 1905, na kwa miaka mingi hata kaburi lake halikujulikana lilipo. Mwaka 1996 ndipo likatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Siti amebakiwa na jina, nyimbo zimefifia. Sontonga amebakiwa na wimbo, jina limefifia.

Malaika nao uko upande wa Sontonga. Fadhili William aliurekodi Kenya miaka ya 60, kisha wakaurudia Miriam Makeba, Boney M na Angelique Kidjo. Ukiimbwa popote, watu wanaitikia. Ukiuliza nani aliutunga, ugomvi unaanza: huyu anasema Fadhili, yule anasema Adam Salim. Fadhili alifariki mwaka 2001 na ubishi ukaendelea bila yeye.

Kwa hiyo naweka dau langu. Malaika utakuwepo. Jambo Bwana wa Them Mushrooms, uliotoka mwaka 1982, utakuwepo pia, hata kama unatuchosha, maana siku yake inarudi kila ndege ya watalii inapotua. Katika Bongo Flava, wenzangu wamenizomea, lakini nachagua Nani Kama Mama wa Christian Bella na Ommy Dimpoz, wa mwaka 2014. Kila harusi ina mama wa kutuzwa, na hata mlevi anaweza kuitikia. Diamond Platnumz? Jina lake litakaa kwenye vitabu, kama la Siti. Nyimbo zake nyingi zinamhitaji yeye mwenyewe, wachezaji wake na spika kubwa. Sisemi ni mbaya. Nazicheza mpaka shati linalowa. Nasema tu haziachani na mwenyewe, na wimbo usioachana na mwenyewe huondoka naye.

Baba yangu anauimba Shida wa Mbaraka Mwinshehe neno kwa neno akinyoa ndevu. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Mimi najua kiitikio tu. Mwanangu, nikijaliwa, atajua nini?

Na hapa naacha utani. Bibi yangu alikuwa na wimbo wa kulazia watoto. Ulikuwa na beti tatu, na ametulaza nao wote, baba, shangazi na sisi wajukuu. Alifariki mwaka juzi. Usiku wa matanga nikakaa na shangazi kwenye mkeka tukajaribu kuuimba. Yeye alikumbuka ubeti wa kwanza, mimi nusu ya wa pili. Ubeti wa tatu hakuna aliyenao. Mimi ni mwandishi wa habari. Natembea na kinasa sauti mfukoni, nimerekodi wanasiasa wakirudia hotuba ileile wilaya tatu, lakini bibi, aliyekuwa akiniimbia bure, sikumrekodi hata mara moja. Sikumuuliza hata alifundishwa na nani.

Najua mtanirudi: si umesema kuhifadhiwa si kujulikana? Ni kweli. Kinasa sauti peke yake kisingetosha. Lakini kingenipa ubeti wa tatu, nami ningeuimba, na mtoto angeupokea. Wimbo wa bibi ulikuwa na siku yake na uliimbika na yeyote, ukakosa mtu wa kuupokea. Siku hizi mtoto akilia tunampa simu atazame katuni.

Basi ombi langu ni dogo. Wikiendi hii mpigie bibi, babu au mama, mwambie akuimbie wimbo mmoja mpaka mwisho, na umuulize nani aliutunga. Andika jina. Kisha uimbe wewe mwenyewe, umeme ukiwa umezimwa.

Mimi jana nilimpigia shangazi. Tumepata mstari mmoja zaidi.

Naomba kutoa hoja.