Mawese, Ini, na Vidonge vya Vitamini E

Katika Lubumbashi wako wamama wanaonunua vidonge laini vya rangi ya asali, kwa kuwa wameambiwa kwamba vitamini E huleta mimba. Mimi naona feza ile ingefaa zaidi sokoni, penye mawese na karanga. Sikilizeni sababu.

Habari hii ya mimba ilianza kwa panya. Mwaka 1922, huko California, Herbert Evans na Katharine Bishop waliona kwamba panya waliolishwa chakula cha namna fulani walishika mimba, lakini watoto walikufa tumboni. Walipoongezewa majani mabichi ya saladi, wakazaa. Mwaka 1936 kitu kile kilipewa jina la Kigriki, tokoferoli, maana yake kuleta uzazi. Wauzaji wanapenda sana jina hilo! Lakini panya wale walikuwa wamenyimwa vitamini E kabisa. Mama anayekula sombe yenye mawese hayuko katika hali ile. Kama mimba haiji, apimwe hospitalini, na mume wake apimwe pia, hata kama hapendi.

Sasa tazameni njia yake mwilini. Vitamini E haiyeyuki katika maji; husafiri pamoja na mafuta. Mtu akimeza kidonge asubuhi kwa chai tupu, sehemu kubwa hutoka kwa choo. Akila chakula chenye mafuta, nyongo hushuka kutoka kwenye ini, ikayagawanya mafuta kuwa matone madogo sana, kama sabuni inavyofanya katika sufuria iliyopikiwa mawese. Hapo vitamini hupita ukuta wa utumbo, ikaingia damuni, hata ikafika kwenye ini.

Na ini huchagua. Ziko aina 8 za vitamini E, lakini ini lina protini inayoshika hasa aina moja, alfa-tokoferoli, na kuirudisha damuni. Aina nyingine nyingi hukatwakatwa na kutolewa kwa nyongo na mkojo. Huko Tunisia zilionekana jamaa ambazo watoto wao walizaliwa na protini hiyo mbovu. Walikula kama wenzao, lakini mishipa yao ya fahamu iliharibika, wakapepesuka katika kutembea. Hao wanahitaji dawa kweli.

Kazi yake ni kulinda. Kila chembe ya mwili ina ngozi nyembamba yenye mafuta, na mafuta huweza kuchacha. Vitamini E hujitoa yenyewe ili uharibifu usiendelee, kisha vitamini C ya machungwa na mapera huisaidia irudie kazi.

Mtu mzima anahitaji miligramu 15 kwa siku, na mama anayenyonyesha 19. Kijiko kikubwa cha mawese kina kama 2, na konzi ya karanga vilevile. Mafuta ya alizeti yanazidi. Mboga za majani huongeza kidogo. Mwili huweka akiba katika mafuta yake, kwa hiyo upungufu ni nadra kwa mtu mzima anayekula vema. Lakini msichome mawese mpaka yawe meupe, kwa maana moto mkali huharibu vitamini hii pamoja na ile rangi nyekundu inayofaa macho.

Tena vidonge vingi vina hatari. Katika uchunguzi mkubwa wa Marekani na Kanada, wanaume waliokunywa vipimo 400 kila siku walionekana, mwaka 2011, kupata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya wasiokunywa. Na anayetumia dawa ya kuzuia damu isigande aweza kutoka damu ovyo.

Mwenye haja hasa ni yule ambaye nyongo yake haishuki. Mtoto mchanga akipita majuma mawili na macho bado ni ya manjano, na choo chake ni cheupe kama pemba, msimpe vidonge vya sokoni. Mleteni hospitalini siku ile ile, kwa maana kama njia ya nyongo imeziba, upasuaji hufaa zaidi kabla hajatimiza miezi miwili.