Tuache kununua makisio garajini

UVIRA, Kivu ya Kusini – Leo naomba tuzungumze juu ya jeep za zamani. Najua kuna atakayeniuliza: wewe mwandishi, watu wanalala chini ya shitingi, nawe unatuletea habari za moteri? Ndiyo, nawaletea. Siku risasi zinapoanza kulia, jeep ya jirani yenye miaka ishirini na zaidi ndiyo inabeba mama mjamzito, watoto sita na magodoro. Ikizimika katikati ya milima ya Ngomo, hakuna gari lingine linalokuja kuwachukua.

Yalinikuta mimi mwenyewe. Tulitoka Uvira tukapita Sange na Luvungi vizuri kabisa, mshale wa joto umetulia. Tulipoanza kupanda kutoka Kamanyola, gari likitambaa kwa vitesi ya kwanza nyuma ya malori, mshale ukapanda hadi kwenye nyekundu. Ndani tulikuwa watu tisa, kati yao familia moja ya wahami wa vita. Tulikaa kando ya bonde saa mbili nzima, watoto wanalia, tukingoja moteri ipoe.

Baadaye nilianza safari ya garaji. Fundi wa kwanza hakuniuliza swali lolote. Aliondoa termostati akaitupa, akasema hicho ni kitu cha Wazungu wenye baridi. Dola 20. Gari likachemka tena. Wa pili akasema radiateri imekufa, tukaweka nyingine. Dola 120. Likachemka. Wa tatu akafungua kichwa cha moteri akabadilisha jwenti ya kulasi. Dola 260. Likachemka vilevile! Kila mmoja aliniambia maneno yaleyale: "Mzee, gari yako imezeeka."

Wa nne, baba mmoja mwenye mvi, alianza kwa maswali. Linachemka wakati gani? Likienda mbio kwenye tambarare joto linashuka? Likisimama kwenye msongamano linapanda? Nikamjibu ndiyo. Akawasha moteri, akaiacha ingurume, akasimama mbele ya radiateri akitazama tu. Joto likapanda, na ventilateri haikuzunguka. Akaipa umeme moja kwa moja kutoka kwenye batri, ikazunguka. Kwa hiyo ventilateri ni nzima, ila umeme haufiki. Akachomoa relei ya honi, iliyokuwa ya aina moja na ile ya ventilateri, akaiweka mahali pake. Ikazunguka. Relei mpya ilikuwa dola 5. Kisha akanituma nikanunue termostati nyingine.

Ninasema bila kuficha: zile dola 400 za kwanza hazikununua matengenezo. Zilinunua makisio. Kwa familia iliyouza mbuzi wake wa mwisho ili gari liwake, makisio ni wizi, hata kama fundi hakukusudia kuiba.

Ugonjwa wa moteri una dalili zake, kama malaria na tifoidi. Gari linalochemka likienda polepole na kupoa likienda mbio, anza na ventilateri: fyuzi, relei, nyaya. Kwenye jeep ambazo ventilateri inazungushwa na moteri yenyewe, tazama mkanda wake na kile kikombe kinachoishikilia. Linalochemka hata likienda mbio, tazama kiasi cha maji, pompi ya maji, na radiateri iliyoziba. Ukiona mapovu yasiyokwisha kwenye maji, moshi mweupe usioisha hata moteri ikiwa na joto, au mafuta ya moteri yamekuwa kama maziwa, hapo ndipo zungumza juu ya jwenti ya kulasi. Kabla ya hapo, mtu asiguse kichwa cha moteri yako.

Termostati nayo si adui. Hufunguka maji yakifika karibu digrii 82 hadi 88, ili moteri ifanye kazi kwenye joto lake. Ukiiondoa, moteri inakaa baridi, inakunywa esansi nyingi, na kwenye baadhi ya moteri maji hupita njia ya mkato bila kufika kwenye radiateri, joto likazidi. Vilevile kifuniko cha radiateri, ambacho wengi wanakidharau. Bukavu iko juu kiasi cha mita 1,500. Huko maji ya sufuria huchemka karibu digrii 95, hayangoji 100. Ni kile kifuniko, kwa kufungia msukumo ndani, kinachozuia maji ya moteri kuchemka mapema. Mpira wake ukichakaa, utapanda Ngomo na sufuria isiyo na mfuniko.

Halafu ile taa ya moteri kwenye tablo. Kuna mafundi wanaoitoa balbu ili mteja afurahi! Wengine wana mashine ya kusoma kodi. Ikisema hewa imezidi esansi, wanauza kapteri mpya papo hapo. Kodi ni mshitaki, haijawa hakimu. Ujumbe huohuo unaweza kuletwa na mpira wa hewa uliopasuka, pompi ya esansi iliyochoka, au filta iliyojaa uchafu wa esansi ya bidoni tunayonunua kando ya barabara.

Mafundi watanijibu: wateja hawalipi mtu anayetazama, wanalipa anayebadilisha kitu. Wana haki, na hapo lawama ni yetu. Tunambana fundi bei kwa kazi ya saa moja ya kutafuta tatizo, kisha tunalipa mamia kwa kipande tusichohitaji. Basi tubadilishe desturi. Mwenye gari, lipa uchunguzi kama unavyolipa maabara, na uulize: umeona nini kinachokuonyesha kwamba kipande hiki kimekufa? Chukua kipande cha zamani mkononi. Fundi asiyeweza kujibu, mwage kwa heshima uende zako. Nanyi wazee wa garaji, mnaowafundisha vijana kufungua bolti, wafundisheni kwanza kuuliza.

Kwa nyinyi wahami mnaolipa kiti ndani ya jeep ya mtu: kuuliza si ujinga. Kabla hamjapanda, mwombeni dereva afungue boneti moteri ikiwa baridi, atazame maji na mafuta. Joto likipanda njiani, zimeni klimatizeri, fungueni joto la ndani hadi mwisho hata kama mtatoka jasho, kwa maana linapunguza joto la moteri. Mshale usiposhuka, simameni mahali salama mzime. Msifungue kifuniko cha radiateri kikiwa na moto. Maji yale yanaruka na kuunguza uso. Ngojeni nusu saa au zaidi, na msimwage maji baridi juu ya moteri yenye moto, inaweza kupasuka.

Jeep yangu ni ileile, imezeeka vilevile. Tangu relei ya dola 5, imepanda Ngomo mara nyingi, imejaa watu, na mshale haujagusa nyekundu.